Msusi wa Chumba cha Baridi

Saa mbili asubuhi, sakafu ya chumba cha maiti bado ina maji. Mwanamke aliyevaa gambuti nyeupe na aproni ya plastiki anayasukuma kwa fagio la mpira kuelekea kwenye tundu la pembeni, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala.

Karibu na dirisha, juu ya meza ya bati, amelala mama mmoja aliyefunikwa shuka hadi kidevuni. Upande wa kushoto wa kichwa chake umesukwa mistari iliyonyooka. Upande wa kulia nywele zimechambuliwa, zimesimama wima, zinangoja mkono.

Mwenye gambuti anapita karibu na meza hiyo mara ya kwanza, hatazami. Mara ya pili anatazama. Mara ya tatu anaegemeza fagio ukutani na kuficha mikono yote miwili chini ya aproni.

"Unaniwasha," anasema.

"Mkono?" anauliza mwenzake wa kazi, mwanamume mnene ambaye hospitali nzima inamwita Shemeji, ingawa hajaoa dada wa mtu yeyote pale.

"Mkono."

"Basi jikune. Mpaka saa tano hujaruhusiwa kugusa hata unywele mmoja. Barua unayo mfukoni."

Barua anayo kweli, imekunjwa mara nne. Imetoka kwa Katibu wa hospitali na inasema mambo mawili. La kwanza, mfanyakazi huyu asisuke marehemu yeyote mpaka atakapofika ofisini leo saa tano. La pili, atakapofika aje na jibu: ama kusuka kuwe huduma ya kulipiwa, kwa fomu na kwa risiti, ama kukome kabisa.

Mama aliyelala kwenye meza anachukuliwa na ndugu zake saa nane mchana. Alikuwa mpishi wa shule. Jana jirani yake alikuwa akimsuka kibarazani, wamefika nusu, akasema kichwa kinamgonga. Hakurudi kumaliza.

*

Hapa kazini mwenye gambuti anaitwa Chanuo. Ana miaka arobaini na mitatu, ni mwembamba, na akiongea na mtu asiyemzoea hutazama vidole vya miguu ya mtu huyo. Ameajiriwa kuosha sakafu, meza na mashuka. Kwenye karatasi ya ajira hakuna neno nywele.

Kabla ya kuja hapa alikuwa msusi wa kibarazani kwa miaka kumi na moja. Saluni zenye vioo zilipofunguliwa mtaani kwake, wateja walihama mmoja mmoja, na yeye akachukua kazi ambayo wengine waliikimbia. Ukitoa kodi ya vyumba viwili na karo ya watoto wake wawili, mshahara unaobaki unatosha unga na mafuta mpaka tarehe kumi na nane. Kuanzia hapo ni ujanja wa mama.

Watu wakisikia anachokifanya kwenye chumba cha baridi, huuliza alifiwa na nani.

"Wanataka nifiwe kwanza ndiyo wanielewe," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka, mdomo akiuziba kwa mkono. "Sijafiwa. Mama yangu yupo, ana meno mengi kunishinda. Ni mkono tu. Msusi akiona kichwa kimeharibika, mkono unamwasha. Hujawahi kuona fundi akipita kwa watu akakuta mlango umekaa upande? Hata kama si kwake, lazima ausukume kidogo."

Ilianza miaka tisa iliyopita, mwezi wake wa tatu kazini. Aliletwa mwanamke aliyekuwa amelala wodini muda mrefu. Nywele zake zilikuwa zimeshikana kisogoni kama kiota cha ndege. Chanuo alikuwa ameshamaliza sakafu. Akatoa kitana mfukoni.

"Nilisema nimchane tu. Nikamchana. Nikasema nimgawe njia moja tu, nikamgawa. Kuja kushtuka nimemaliza kichwa kizima, na maji ya ndoo yamepoa. Saa nzima imepita, sijui imepitia wapi."

Shemeji anaikumbuka siku hiyo kwa namna yake. Alifungua mlango, akasikia mtu anaimba kwa sauti ya chini kati ya maiti. "Nilifika getini na kiatu kimoja," anasema. "Kile kingine alikuja nacho yeye."

*

Saa tatu kasorobo. Barua imekataza kusuka. Haikukataza kuuliza.

Chanuo anavua aproni, ananawa mpaka kwenye viwiko, anatoka nje. Kwenye benchi la saruji wamekaa watu watatu: mdogo wake marehemu, wifi wa marehemu, na mwisho kabisa, kama mtu aliyesahauliwa, mume. Ni mzee mwenye kofia aliyoishika magotini.

"Poleni," anasema, akitazama vidole vyao vya miguu. "Samahani kwa kuwasumbua. Alikuwa anasuka vipi?"

Wanawake wawili wanatazamana. Swali hilo hawakulitarajia.

"Mistari ya kawaida," anasema mdogo mtu. "Ule msuko wa 'twende kilioni', unaorudi nyuma."

"Nani? Dada yako huyu?" Wifi anageuka na mwili mzima. "Huyu alikuwa hakai kwenye mistari ya kawaida. Mwanamke mwenye maringo kama huyu! Alikuwa anasuka kwa kupinda, inakuja hivi, inazunguka sikio."

"Wifi, nimesukwa naye tangu sina meno."

"Na mimi nimemsuka tangu aolewe kwetu. Akinifinya mapaja kila nikivuta, akisema nina mkono wa mkwe."

"Si ulikuwa unamvuta kwa makusudi?"

"Kidogo," anasema wifi. Wanacheka wote wawili, na kicheko kinakatikia katikati, wanajikuta wameshikana mikono wanalia.

Chanuo haondoki. Amesimama, mikono mgongoni, anangoja. Anasema alijifunza zamani kwamba jibu la kwanza ni la mtu mwenye sauti kubwa, na la pili ni la mtu anayebishana naye. Jibu lenyewe huja likiwa limechelewa.

Mzee anageuza kofia yake magotini. Anaigeuza tena.

"Upande wa kulia alikuwa anasuka midogo," anasema. "Midogo sana, inalala chini. Kushoto isuke utakavyo."

"Kwa nini kulia, baba?"

"Alikuwa analalia upande huo. Ikiwa minene inamuuma usiku." Anatazama kofia. "Anaamka ananiamsha na mimi."

Mdogo mtu na wifi mtu, waliomjua marehemu kwa miaka yote hiyo, hili hawakulijua.

"Nimesikia," anasema Chanuo. Anarudi ndani, na mkono unamwasha kuliko mwanzo.

*

Kwa miaka minane hakuna aliyemlipa wala aliyemtuma. Siku nyingine alisuka wawili, siku nyingine hakuna, na siku nyingine mgongo ulikataa, akamchana mtu kwa vidole tu na kumfunga kitambaa. Alichagua mwenyewe lini, nani na kwa muda gani. Anasema ndani ya hospitali hiyo, ambapo hata glavu alihesabiwa, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa chake.

"Benchi lile nimeliona miaka kumi na tano," anasema Shemeji. "Watu wanakuja pale kila mtu na kilio chake. Huyu analia hivi, yule hasemi na huyu. Akitoka huyu mama na swali lake moja, wanaanza kubishana. Wakishabishana, wanalia pamoja. Mimi sijui anawafanya nini."

Mwaka jana habari zilimfikia Katibu mpya wa hospitali, kijana nadhifu, mwenye haraka, ambaye hata wanaomlaumu wanakubali kwamba ndiye aliyefanya majokofu yafanye kazi mfululizo. Kwake lilikuwa jambo jema lililokosa mpangilio. Likapangwa. Ikachapishwa fomu yenye namba tatu. Namba moja, mistari. Namba mbili, mabutu. Namba tatu, kuchana tu. Ndugu wanachagua kwenye dirisha la malipo, risiti inaletwa chumba cha baridi, na kwa kila kichwa Chanuo anapata kiasi kinachotosha nauli yake ya siku tatu.

Mwezi wa kwanza alisuka vichwa thelathini na kimoja.

"Sitadanganya, nilifurahi," anasema. "Nilinunua godoro. Watoto wangu walikuwa wanalala mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule. Mdogo wangu aliniambia, 'Mkono mtupu haulambwi, dada. Afadhali wamekukumbuka.' Nami nikaona ni kweli."

Mwezi wa kwanza alikuwa bado anatoka kwenda benchini kuuliza. Mwezi wa pili alianza kutazama saa ya ukutani. Kichwa kilichokuwa kikichukua saa nzima kikachukua dakika ishirini na tano. Mwezi wa tatu hakutoka tena. Kutoka kwa nini, na namba imeandikwa kwenye karatasi?

"Nilikuwa nasuka namba," anasema. "Wallahi sikumbuki sura ya hata mmoja."

Kisha akaja mwanamke asiye na risiti. Aliokotwa barabarani, hana ndugu, hana jina. Msuko wake ulikuwa umefumuka upande mmoja. Zamani watu wa namna hiyo ndio Chanuo aliokaa nao muda mrefu zaidi, kwa kuwa hakukuwa na wa kumuuliza, akawa anawauliza wenyewe kwa kuwatazama.

"Nilimtazama, nikamfunika shuka, nikaenda kunawa. Nikapanda gari, nikafika nyumbani, nikapakua chakula. Tonge liko mkononi ndipo nikashtuka. Sikushtuka kwa kuwa sikumsuka. Wengi sijawasuka. Nilishtuka kwa kuwa mkono haukuniwasha."

Anautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama mtoto aliyewahi kupotea sokoni akapatikana.

"Nilisema, basi. Hicho kilichokuwa changu nacho kimekufa."

*

Kosa lenyewe lilitokea wiki tatu zilizopita, na ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote katika hospitali hiyo asingeweza kulifanya.

Fomu ilisema namba moja. Chanuo akagawa njia katikati ya kichwa, kwa kuwa njia ya katikati ndiyo ya haraka, akasuka mistari safi inayorudi nyuma. Aliona kovu juu ya panja la kushoto, kubwa kama kifuniko cha soda. Maiti wengi wana makovu. Akaendelea.

Saa saba akaingia binti wa marehemu, binti mrefu, amevaa vizuri, ametulia. Akasogea mezani. Akatazama.

"Huyu si mama," akasema.

Shemeji akasoma kibandiko cha mguuni, akakisoma tena, akakisoma kwa sauti. Jina lilikuwa lenyewe.

"Ni yeye," akasema binti. "Lakini mmemfanya nini?"

Kovu lile marehemu alilipata utotoni, alipounguzwa na kitana cha chuma kilichotoka motoni. Tangu alipojua kusuka hakuna siku aliyotoka nje bila msuko mmoja mnene uliolala juu yake. Binti yake alilijua kwa kuwa alimwogesha alipougua.

"Baba yangu ameishi naye miaka thelathini hajawahi kuliona," akasema. "Amelificha maisha yake yote. Nyie mmemwanika mbele ya ukoo mzima."

Chanuo alisimama na kitana mkononi.

"Ningesema fomu haina mahali pa kovu?"

Aliomba nusu saa. Nje gari la msiba lilikuwa limeshawashwa. Binti alibaki amesimama mlangoni amekunja mikono. Chanuo akafumua kichwa chote, msuko kwa msuko, na alipofika panjani akauliza bila kugeuka: "Alikuwa anaanzia wapi?"

Halafu zikasikika hatua. Binti alichukua ndoo, akaigeuza juu chini, akakaa.

"Vidole vitatu kutoka sikioni," akasema. "Si hapo. Juu kidogo. Sasa uvute uje mbele. Uache ulegee, alikuwa hapendi kukazwa."

Hawakuongea jambo lingine. Walipomaliza, binti alimfunga mama yake kitambaa, akatoka bila kushukuru.

"Na alifanya vizuri kutonishukuru," anasema Chanuo. "Lakini katikati ya kusuka, pale alipokaa kwenye ndoo, mkono ulirudi. Niliusikia."

Kesho yake alirudisha kitabu cha risiti ofisini. Katibu alikipokea na akafanya kile ambacho mtu mwenye akili ya kupanga angefanya: alirefusha fomu. Namba tatu zikawa kumi na mbili, na chini ukaongezwa mstari wa alama za mwili. Chanuo akasema hata hiyo haitaki. Ndipo ikaja barua.

*

Saa tano kamili anagonga mlango wa ofisi. Amevua gambuti, amevaa ndala, kitenge amekibana kiunoni. Shemeji amemsindikiza hadi kwenye ngazi na kumwachia neno moja la wazee: hiari yashinda utumwa. "Ukisahau yote," amemwambia, "hilo usisahau."

Ndani kuna meza pana, kalenda, na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Katibu anampa kiti. Chanuo anakaa ukingoni.

"Mama, mimi sikupingi," anaanza Katibu. "Naomba nieleweke. Tangu urudishe kitabu, zimekuja hapa familia mbili. Wanauliza, mbona fulani alisukwa na wa kwetu hakusukwa? Niwajibu nini? Niwaambie mfagizi wetu mkono haukumwasha?"

Chanuo anatazama miguu ya meza.

"Na kingine. Wewe ni mmoja. Ukiugua kesho, ukihama, ukichoka? Kitu kikikaa kwenye moyo wa mtu mmoja, siku akiondoka anaondoka nacho. Kikikaa kwenye fomu, kinabaki."

"Namfundisha Shemeji," anasema Chanuo.

"Shemeji?"

"Anajifunzia kwenye nyuzi za mopa. Ameitundika kwenye msumari stoo. Bado mistari yake inakwenda kama njia ya mlevi, lakini anakwenda."

Katibu anaanza kucheka, anajizuia.

"Haya. Fomu mpya ina kasoro gani? Nimeweka mahali pa kovu, nimeweka mistari ya maelezo."

Feni inazunguka. Katibu anachukua kalamu, anaiweka. Hatimaye mwanamke huyo anasema maneno mengi kuliko yote ambayo amewahi kuyasema katika ofisi hiyo.

"Mkubwa, pale nje yupo mzee. Mke wake alikuwa anasuka midogo upande wa kulia, kwa sababu alikuwa analalia upande huo. Hata mdogo wake marehemu hajui. Hata wifi yake hajui. Mzee hawezi kuja dirishani pale, watu wamepanga foleni nyuma yake, akamwambia mtu wa pesa habari za kitandani kwake. Ameniambia mimi kwa sababu nilisimama nikangoja. Na mimi nilisimama kwa sababu hakuna aliyenituma. Ukinituma, nitatazama saa. Nilishatazama. Najijua."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Uniachie. Nikiweza nisuke, nikishindwa nishindwe. Sitaki risiti, sitaki namba."

"Na ile hela?"

"Ibaki kwenye majokofu yenu."

"Mama, utakuja kujuta ikifika katikati ya mwezi."

"Tarehe kumi na nane naijua kuliko wewe, mwanangu," anasema Chanuo. Neno mwanangu limemtoka bila kutaka. Anaziba mdomo.

Katibu anaegemea kiti. Anaitazama fomu yake yenye namba kumi na mbili, iliyochapwa vizuri, pembe zote sawa. Anasema hawezi kuandika ruhusa ya kitu kisicho na fungu wala kanuni. Anachoweza ni kufuta katazo. Anaiomba ile barua, anaikunjua mara nne, anaichora mstari wa pembe kwa pembe na kutia sahihi. Kisha anataja masharti: sakafu kwanza, asipokee kitu kwa mtu hata soda, asimwahidi mtu, na malalamiko yakija hata moja, mambo yanaisha.

Baadaye, Chanuo akiwa ameshatoka na mlango umefungwa, Katibu anasema kitu ambacho angeweza kukinyamazia. Tangu habari ya kovu isambae mtaani, wanaoiulizia huduma dirishani wameshuka kutoka thelathini na mmoja kwa mwezi hadi sita kwa wiki tatu. "Kwa hiyo nisijisifu kwamba nimekuwa mtu mwema," anasema. "Huduma ilishakufa. Mimi ni mtu wa hesabu. Nimetafuta jinsi ya kulipima jambo la yule mama, sijaipata. Na bado sijui nitaijibu nini familia ya tatu ikija."

Chanuo hakuyasikia hayo. Alitoka bila kuaga sawasawa, ndala mkononi, kwa kuwa saa ilikuwa tano na dakika arobaini.

*

Anafunga aproni. Ananawa. Anavuta kigoda mpaka kwenye kichwa cha meza ya bati, upande wa dirishani.

Nywele za upande wa kulia anazigawa kwa ncha ya kitana, njia nyembamba kama uzi wa mshona viatu. Mistari anayosuka ni midogo mno hivi kwamba Shemeji, aliyeinama na kinywa wazi ili ajifunze, anasema haoni kidole kinapoingia wala kinapotokea. Kila ukiisha mmoja, Chanuo anaulaza kwa kiganja, anaukandamiza, anapitisha kidole juu kuona kama unakwaruza.

"Huo umekaa," anasema Shemeji.

"Bado. Una kifundo."

Anaufumua, anaanza tena. Hatazami saa ya ukutani hata mara moja. Shemeji ndiye anayeitazama kwa niaba yake. Upande wa kushoto hakuugusa kabisa. Ni kazi ya jirani aliyeanza, na Chanuo anasema kichwa cha mtu hakipokonywi.

Saa nane kasoro dakika tano ananawa mikono. Mlango unafunguliwa, anaingia mzee peke yake, kofia mkononi.

Anasimama upande wa kulia. Ananyoosha mkono, anasita, kisha anaweka kiganja chote juu ya ile mistari midogo na kukipitisha polepole kutoka mbele mpaka kisogoni.

"Haitamuuma," anasema.

Maneno hayo hamwambii mtu yeyote. Anavaa kofia na kutoka kwenda kuwaita wengine.

*

Saa kumi na moja jioni Chanuo amekaa kwenye kizingiti cha nyumbani kwake. Watoto wanafanya hesabu za shule juu ya godoro lile jipya. Godoro lilibaki.

Ana mipango miwili ya karibu. Wa kwanza ni kumfundisha Shemeji mpaka mopa iishe nyuzi. Wa pili ni kutafuta kiti chenye mgongo, hata cha kuokota, akiweke kwenye chumba cha baridi, ili mtu anayetaka kusimulia asikalie ndoo.

Kuna jambo la tatu ambalo halitaji mpaka jua limeshuka kidogo. Tangu aanze kazi hii, hajasuka kichwa cha mtu aliye hai. Majirani walimwambia kwa upole, wengine bila upole, kwamba mikono iliyoshika maiti haishiki nywele zao. Hata mdogo wake, wa tumbo moja, anayekuja kumwona kila Jumapili na kumcheka na kumgombeza kama zamani, huja amefunga kilemba. Chanuo ndiye aliyemsuka huyo tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Simwombi," anasema. "Nikimwomba atakubali, namjua. Atakaa hapa chini akikaza shingo, anahesabu mistari iishe. Kichwa cha namna hiyo nilishasuka, sikitaki tena. Mimi nangoja aje mwenyewe."

Ndani, juu ya kabati, kuna chanuo la mti lenye meno mapana, lililokuwa lake enzi za kibarazani. Halijawahi kufika kazini. Lile la kazini ni jingine, la plastiki, na linakaa kazini. Hili la mti hulitoa kila Jumamosi jioni, usiku mmoja kabla mdogo wake hajaja, huliosha kwa maji ya uvuguvugu, hulipaka mafuta jino kwa jino, na kulirudisha juu ya kabati.

Leo ni Jumamosi. Maji yako motoni.